Nyuma ya Daftari la Madeni

Mbele kuna madeni:
Mzee Kapufi, chupa mbili, atalipa tumbaku ikiuzwa.
Mama Tatu wa Cheyo, lita tano, nusu bado.
Nyuma, nikiligeuza daftari kichwa chini,
kuna Kihispania.

Nimekiandika nilivyokisikia,
hapa kibandani, stesheni ya Tabora,
vidole vina nta,
ndiyo maana kurasa nyingine zimegandana.

Miezi tisa, walisema. Chuo kinalipa ndege na karo,
chumba ni kwa mjane mmoja, Salamanka,
ghorofa ya nne, lifti hakuna.
Nikamfungia Nyamizi asali lita moja, ile nyeusi ya miombo,
nikaiviringisha kanga mara tatu.
"Mpe mwenye nyumba. Usiingie kwa watu mkono mtupu."

Alikuwa anapiga Jumapili jioni,
treni ya Kigoma imechelewa kama desturi yake,
wateja wangu wamekalia mizigo.
"Mama, huku meza ni mwanamke."
"Meza hii hii?"
"Hiyo hiyo, na wanaiita mesa.
Uma na kisu wanaume, kijiko mwanamke."
Nikamwambia sishangai, kijiko ndicho kinacholisha.

Akasema mpaka kwao ni asta.
Nikasema hiyo si ni hata?
Bibi yako Isevya husemaje: toka asubuhi hata jioni.
Sukari, asukari kwa ulimi wa kung'ata.
Narinji, naranha.
Nikaona mtoto hakwenda mbali sana.
Nilijidanganya hivyo hadi Novemba.

Novemba sauti yake ilikonda.
Alisema kule wana kuwa mbili,
moja ya jinsi ulivyo,
moja ya jinsi ulivyo leo tu.
"Nilisema mimi ni mpweke, mwalimu akanisahihisha.
Sema niko mpweke, anasema. Itapita."
Nilitaka kumwambia nasi tunazo zote mbili,
treni ikapiga honi.

Kesho yake nikampelekea Sista Eulalia robo lita.
Aliwahi kuuguza watu Peru miaka sita.
Nikamwomba sentensi.
"Moja tu?"
"Moja, ila isiwe na kosa."

A komido mi iha.
"Iha? Kama Waha wa Kasulu?"
"Wewe sema tu, mama."
Nikaisema nikichuja, nikaisema nikipima,
kuli mmoja akadhani namtukana.

Jumapili nikamwambia, mpe simu huyo mama.
"Hajui Kiswahili."
"Sikukuuliza anajua nini. Mpe."
Zikaja ndara sakafuni,
ikaja pumzi ya mtu aliyezoea ngazi.

A komido mi iha?

Kimya. Nikadhani nimekosea, nimeuliza habari ya ng'ombe.
Kisha akafunguka, mahindi yakimiminwa kwenye debe.
Nikaokota si.
Nikaokota Nyamithi, maana zeta yao ni the ya thelathini.
Nikaokota miel, neno la biashara yangu, nilikuwa nimelihifadhi.
Halafu kijiko kikagonga ukingo wa sufuria,
mara mbili,
ananionyesha.

Nilijibu kwa Kinyamwezi, wabeja, wabeja,
kwa kuwa sentensi yangu ilikuwa imekwisha.

Amerudi Julai.
Analala mchana, anakula saa nne usiku,
akikubali jambo husema bale
na wadogo zake wanamwigiza.
Amenionyesha kikombe alichopewa,
mjane kakiandika jina kwa mkono wake:
ene moja yenye wimbi kichwani,
wimbi hilo ndilo nya yetu nzima.

Hajui nilichoandika mbele, kati ya Kapufi na Mama Tatu:
Remedios, ghorofa ya nne.
Hapa ninayedaiwa ni mimi.
Kiasi sijajaza.